Dirisha la Ziwani ni la Nani?

Likizo ya mtumishi wa umma, awe askari wa jeshi, polisi, mwalimu au karani, ni fupi kuliko hamu ya watoto wake. Zikiisha siku za kwenda kuwasalimu wazee kijijini, na zikiisha zile za kuziba paa na kumaliza deni la dukani, hubaki siku nne au tano ambazo baba na mama waweza kusema kwa haki kwamba ni za nyumba nzima. Siku hizo chache, pamoja na fedha kidogo iliyowekwa akiba kwa miezi mingi, ndizo zinazopelekwa safarini. Kwa hiyo kila saa na kila shilingi ina kazi yake, na wenye nyumba hawana budi kujua wanazitumia kwa ajili ya nini.

Katika safari ya namna hiyo liko swali moja ambalo aghalabu huulizwa mapokezi, mizigo ikiwa bado sakafuni na mtoto mdogo akilia: “Mnataka chumba cha kuelekea ziwani, au cha upande wa nyuma?” Cha kwanza ni ghali, cha pili ni nafuu. Vitanda ni vile vile, mashuka ni yale yale, bafu ni lile lile. Kinachouzwa hapo ni dirisha. Wako wanaojibu upesi kwa kuona haya, wasije wakadhaniwa hawana kitu. Wako pia wanaojibu upesi kwa ubahili. Makala haya yanakusudia kulitazama swali hilo taratibu, kwa kuwachukua wasomaji hadi Kanama na Gisenyi, nchini Rwanda, ambako mimi na familia yangu tulikaa siku nne katika kiangazi cha mwezi wa Julai.

NJIA YA KUTELEMKA

Mtu atokaye Ngara huvuka mto Kagera kwa daraja la Rusumo, akafika Kigali, na katika stendi ya Nyabugogo akapanda basi liendalo kaskazini-magharibi. Asisahau kurudisha saa yake nyuma kwa saa moja, wala asibebe mifuko ya plastiki, maana Rwanda iliipiga marufuku tangu mwaka 2008. Kutoka Kigali hadi ziwa Kivu ni kilometa zaidi ya 150 za lami nzuri, lakini si barabara ya kulalia usingizi: ni kona baada ya kona, kilima baada ya kilima. Baada ya mji wa Musanze, ambao zamani ulijulikana kwa jina la Ruhengeri, milima ya volkeno ya Virunga husimama upande wa kulia kama gwaride. Hewa hupoa, na mama mwenye busara huwa ameshaweka masweta ya watoto juu ya mizigo mingine.

Baada ya nyanda za juu za Bigogwe barabara huanza kutelemka kuelekea ziwani, na katika mtelemko huo ndipo ilipo Kanama. Zamani ilikuwa wilaya ndogo ndani ya mkoa wa Gisenyi. Tangu mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006 ni mojawapo ya kata za wilaya ya Rubavu. Moyo wake ni Mahoko, mji mdogo wa soko uliolala kando ya barabara na kando ya mto uitwao Sebeya. Jirani yake ni Nyundo, penye kanisa kuu la jimbo la Kikatoliki na shule ya sanaa iliyoanzishwa mwaka 1952. Karibu na hapo yako mashamba ya chai ya Pfunda, yaliyotandazwa bondeni kama mkeka wa kijani. Kutoka Mahoko hadi ziwani Gisenyi ni kilometa kumi na kitu tu.

Mgeni anayesema Kiswahili hapati taabu pande hizi. Kiswahili kilifanywa mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda mwaka 2017, lakini watu wa Rubavu hawakuingoja sheria. Goma, mji mkubwa wa Kongo, uko mpakani kabisa, nyumba zake zimegusana na za Gisenyi, na biashara ya kila siku ya mpakani hapo imewafundisha wengi Kiswahili tangu utotoni.

Sisi tulikuwa watu sita: mimi, mke wangu, kitoto chetu cha miezi mitano, watoto wawili wa shule ya msingi, na mama yangu mzazi, ambaye goti lake halimruhusu kutembea mwendo mrefu. Tulipanga kulala Mahoko usiku mara mbili, kwa kuwa nyumba za wageni za huko ni za bei ya chini, kisha kuhamia Gisenyi kwa siku mbili za mwisho.

DIRISHA LA SOKONI

Chumba tulichopewa Mahoko hakikuwa na sifa ya kuandikwa kwenye tangazo lolote. Dirisha lake lilitazama barabara, na ng’ambo ya barabara lilikuwa soko. Nilimwomba radhi mama, nikamwambia kwamba ziwa tutaliona keshokutwa.

Asubuhi nilimkuta amekwisha kusogeza kiti mpaka dirishani, mjukuu mchanga mapajani. Mbele yake walikuwa wakipita wanaume waliopakia baiskeli magunia ya viazi mpaka baiskeli yenyewe haionekani, wakiishusha kwa kuizuia na miili yao kwenye mtelemko. Walikuwa wakipita akina mama wenye vikapu vya karoti, vitunguu na kabichi, mazao ambayo udongo mweusi wa volkeno wa Rubavu huyatoa kwa wingi. Mama hajui hata neno moja la Kinyarwanda, lakini yeye ni mkulima, na kwa saa tatu nzima alikuwa akinisomea soko lile kama mtu asomaye gazeti: huyu kavuna mapema, viazi vyake vidogo, yule kaosha karoti ili zivutie, wale wanabishana bei, na muuzaji atakubali kabla ya jua kupanda. Wale watoto wawili waliacha uji wao ukapoa.

Nalisimulia hili kwa sababu lina somo. Tunaposema chumba kina mandhari, mara moja fikira zetu hukimbilia maji, milima na machweo. Lakini jicho la mwanadamu hupenda pia kuona wenzake wakifanya kazi. Dirisha la soko halikutuongezea hata faranga moja, na kwa mama lilikuwa mandhari kamili.

HESABU YA FEDHA NA SAA

Tulipofika Gisenyi ndipo lile swali la mapokezi lilipotukuta. Hebu tulihesabu kama tunavyohesabu mahitaji ya nyumbani.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba tofauti ya bei kati ya chumba cha ziwani na cha nyuma ni faranga 20,000 kwa usiku mmoja. Familia inayohitaji vyumba viwili kwa siku nne italipa faranga 160,000 zaidi kwa ajili ya madirisha peke yake. Fedha hiyo ni nauli za basi, ni milo, ni daftari na viatu vya kufungulia shule. Si fedha ya kutoa bila kuuliza.

Baada ya fedha, tuhesabu saa. Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta, mchana ni saa kumi na mbili na usiku ni saa kumi na mbili, mwaka mzima. Saa za usiku dirisha la ziwani ni kipande cha kiza, tena mama mwangalifu huwa amekwisha kulifunga na kushusha pazia kwa sababu ya baridi na mbu. Katika saa kumi na mbili za mchana, familia iliyoamka vizuri hutoka chumbani saa mbili asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni. Zinabaki saa mbili hivi alfajiri na saa moja ya magharibi. Na katika hizo, watoto wanaoshwa, nguo zinafuliwa, chai inanywewa. Ukigawa faranga kwa dakika ambazo baba amesimama dirishani akitazama, utaona amenunua kitu cha ghali kuliko nyama.

Tena iko hoja ya tatu. Ziwa lenyewe halina mlango. Ufuko wa Gisenyi una barabara ndefu yenye miti, majumba ya kale ya wakati wa ukoloni upande mmoja na maji upande wa pili, na sehemu yake kubwa iko wazi kwa kila mtu. Jioni wakazi wa mji hushuka huko na watoto wao: askari aliyetoka zamuni, mwanamke aliyefunga duka, wanafunzi. Hakuna anayeulizwa amelala chumba gani.

Na yanayoonekana hapo ni mengi. Ziwa Kivu liko juu, mita zipatazo 1,460 kutoka usawa wa bahari, na kina chake hufika mita zaidi ya 470. Ndani ya kina hicho imo gesi nyingi iliyoyeyuka, na Rwanda imeanza kuivuna: mtambo wa kwanza mkubwa, ulioko Karongi kusini zaidi, ulizinduliwa mwaka 2016 na uwezo wake ni megawati 26. Jioni wavuvi hutoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu ikichomoza mbele na nyuma kama pembe za mdudu, taa zikining’inia juu ya maji. Wanakwenda kuvua sambaza. Ndugu zetu wa Kigoma watafurahi kujua kwamba samaki hao wadogo ni jamaa wa dagaa wao: waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana, na leo ni kitoweo cha nyumba nyingi za Gisenyi. Upande wa kaskazini, anga likiwa safi, husimama Nyiragongo, mlima wa moto wenye urefu wa mita 3,470. Na ziko nyakati ambazo wekundu wake huonekana usiku. Haya yote tuliyaona tumeketi ukutani mwa ufuko, kila mtoto na muwa wake mkononi.

Mpaka hapo, ndugu msomaji, hukumu yaonekana rahisi: chukua chumba cha nyuma, baki na fedha zako, nenda ufukoni. Ndivyo wanaume wengi tunavyosema, tena kwa sauti ya mtu aliyeshinda hoja. Ila hesabu hiyo ina tundu.

NI NANI ANAYEBAKI NDANI?

Tundu hilo alilionyesha mke wangu palepale mapokezi, kwa upole lakini kwa maneno yasiyojibika. “Baba watoto,” alisema, “hesabu yako ni nzuri, ila umehesabu saa zako. Wewe na hawa wakubwa mtatoka saa mbili mrudi saa kumi na moja. Mtoto huyu analala mara tatu kwa siku. Mama hawezi kupanda na kushuka kila saa. Mimi na mama tutakuwa chumbani mchana. Sasa sisi tutatazama nini?”

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Thamani ya dirisha hupimwa kwa saa za mtu atakayekaa mbele yake. Kwa mtu anayerudi chumbani kulala tu, dirisha zuri ni pambo. Kwa mama anayenyonyesha, kwa mzee mwenye goti bovu, kwa mgonjwa anayepata nafuu, dirisha ndiyo safari yenyewe. Amesafirishwa siku nzima ndani ya basi, amevuka mpaka. Ukimweka katika chumba kinachotazama ukuta na matangi ya maji, umemhamisha kutoka kuta za nyumbani ukamleta kwenye kuta za ugenini, kwa nauli.

Familia za askari zinalielewa jambo hili kuliko nyingine. Mume huenda lindo, huenda mafunzoni, huenda operesheni. Mke hubaki katika nyumba za kambi na watoto, miezi mingi, akitazama uwanja ule ule. Likizo inapofika, baba ametembea na anataka kupumzika. Mama amekaa na anataka kuona. Mahitaji yao ni tofauti, na mwenye kushika fedha ndiye kwa kawaida mwenye kuamua. Ni vema akumbuke hilo kabla hajasema kwamba mandhari si kitu.

Wala si hisia tupu. Mwaka 1984 mtaalamu Mmarekani aitwaye Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wake juu ya wagonjwa wa hospitali moja katika jimbo la Pennsylvania. Alichukua kumbukumbu za wagonjwa waliopasuliwa nyongo kati ya mwaka 1972 na 1981. Wagonjwa 23 walikuwa wamelazwa penye madirisha yanayotazama miti. Wengine 23, waliolingana nao kwa umri na mambo mengine, walilazwa penye madirisha yanayotazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka hospitalini mapema zaidi, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Ni uchunguzi mdogo, wa hospitali moja. Lakini waliochunguzwa ni watu waliolazimika kukaa ndani, na kwa watu wa namna hiyo dirisha lilikuwa na kazi.

Waandishi wa hadithi nao walikwisha kulitambua. Riwaya mashuhuri ya Mwingereza E. M. Forster, iliyotoka mwaka 1908, inaanza na mabibi wawili waliofika mji wa Florence, Italia, wakakuta wamepewa vyumba vya nyuma badala ya vile vya mtoni walivyoahidiwa. Mzee mmoja na mwanawe wanajitolea kubadilishana nao vyumba. Yaani wenye kupenda dirisha walipewa dirisha, na wasiolijali wakalala nyuma. Suluhisho hilo ndilo tulilolifuata sisi nasi: tulichukua chumba kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma. Mama, mke wangu na mtoto mchanga walikaa mbele, kuelekea ziwa. Mimi na wale wakubwa wawili tulilala nyuma, dirisha letu likitazama kamba za nguo na mlango wa jikoni, ambako watoto walijua kila siku kitakachopikwa kabla hakijafika mezani. Gharama ya dirisha iligawanyika nusu, na kila mtu alipata alichokihitaji.

Jioni ya pili niliporudi, mama aliniambia, “Mwanangu, leo nimehesabu mitumbwi kumi na saba.” Sikuwa na la kuongeza.

DIRISHA LA ULINZI

Liko jambo lingine ambalo bei ya chumba haiwezi kulitaja, nalo lawahusu zaidi wasomaji wa gazeti hili, waliozoea kuisoma ardhi kabla ya kupiga kambi. Dirisha halionyeshi uzuri tu. Linaonyesha pia hatari.

Mto Sebeya unaopita Kanama ni mto mzuri kuutazama. Maji yake hukimbia juu ya mawe na huendesha mitambo midogo ya umeme kabla ya kuingia ziwani. Chumba chenye dirisha la kuelekea mto kama huo chaweza kumvutia mgeni wa Julai, wakati maji ni machache na sauti yake ni ya kubembeleza usingizi. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa zilinyesha magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Milima ilimomonyoka, mito ikafurika, na watu zaidi ya 130 walipoteza maisha nchini, wengi wao wakiwa wamelala. Sebeya ulitoka kingo zake ukaingia majumbani katika kata za Kanama, Nyundo na Rugerero. Nyumba zilizokuwa na mandhari bora ya mto ndizo zilizoufikiwa na mto kwanza.

Chanzo chake hakikuwa mvua peke yake. Sebeya huanzia katika vilima vya Gishwati, ambako miaka ya 1970 kulikuwa na msitu wa hekta zipatazo 28,000. Sehemu kubwa ilikatwa katika miaka ya 1980 kwa miradi ya malisho na kilimo. Baada ya 1994 watu waliorejea kutoka uhamishoni wakatafuta mahali pa kukaa na kulima. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 msitu ulikuwa umebaki hekta mia sita hivi. Kilima kisicho na miti hakishiki maji. Huyaachia yote kwa mara moja pamoja na udongo wake. Tangu hapo miti imepandwa upya, matuta yamelimwa kwenye miteremko, na mabaki ya msitu, pamoja na yale ya Mukura, yamekuwa hifadhi ya taifa. Kwa hiyo mgeni anayetazama vilima vya Kanama kutoka dirishani na kuona matuta yamepangwa ngazi kwa ngazi, ajue kwamba anatazama kazi ya ulinzi, sawa na askari anayetazama handaki.

Ziwani nako ni vivyo hivyo. Nyiragongo ulilipuka mwaka 1977, ukalipuka tena Januari 2002, na mara nyingine tarehe 22 Mei 2021. Mara hiyo ya mwisho moto ulielekea Goma, lakini matetemeko yaliyofuata yalipasua majengo hata upande wa Rubavu, na maelfu ya watu wa Goma walivuka mpaka kutafuta usalama. Vita navyo havijui mpaka: Januari 2025, mapigano ya kuuteka mji wa Goma yaliangusha makombora upande wa Rubavu na kuua raia. Anayepanga safari ya huko na aulizie kwanza hali ya siku hizo. Askari aliye kazini ana wajibu zaidi: kuvuka mpaka bila ruhusa ya maandishi ya mkuu wake si likizo, ni kosa.

Sisemi haya ili kuwatia watu hofu wakae nyumbani. Wanaoishi Kanama wanalima, wanasomesha watoto na kucheka sokoni kila siku. Nasema tu kwamba baba au mama anapofungua dirisha la chumba cha kupanga, atazame mara mbili. Mara ya kwanza atazame uzuri. Mara ya pili aulize: maji yakija yatapita wapi? Mlima huu nyuma ya ukuta umeshikwa na nini? Usiku wa manane, watoto sita wakiwa gizani, mlango wa kutokea uko upande gani? Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Chumba cha nyuma kilichojengwa mahali pa juu ni bora kuliko cha mbele kilichoota ukingoni mwa mto wakati wa masika.

MASHAURI KWA WANAOPANGA SAFARI

Kutokana na hayo, wenye nyumba waweza kuzungumza mambo machache kabla ya kufunga mizigo, wala wasingoje kubishana mbele ya mhudumu.

Kwanza, wataje kwa majina nani atakuwa chumbani mchana, na kwa saa ngapi. Jibu likiwa hakuna, wachukue chumba cha nyuma bila haya yoyote. Jibu likiwa ni mama na mtoto mchanga, au mzee, au mgonjwa, basi dirisha liingizwe katika bajeti kama chakula kinavyoingizwa.

Pili, wasinunue madirisha mawili ikiwa moja latosha. Walio wazima na wanaorudi kulala tu wapewe chumba cha bei nafuu. Watoto wa shule hawana habari na mandhari ya dirishani. Wanataka mchanga, maji na mwenzao wa kucheza naye. Hao wasimamiwe vizuri ufukoni, maana Kivu ni ziwa la kina kirefu na si dimbwi la kuogea.

Tatu, kabla ya kulipa waombe kukiona chumba chenyewe. Neno la kuelekea ziwa laweza kuwa kweli kwa mtu anayechungulia kwa shingo ndefu pembeni mwa dirisha la bafu. Mgeni aketi kidogo juu ya kitanda, au juu ya kiti ambacho mzee atakalia, atazame kutoka hapo. Akiona ukuta wa jirani, asilipie ziwa. Anayeelewa hili na akaeleza kwa adabu, mara nyingi hupewa chumba kingine kwa bei ile ile.

Nne, yale yasiyo dirisha yakaguliwe kwanza: maji, choo, chandarua, blanketi za kutosha kwa baridi ya milimani, kufuli ya mlango, na umbali wa mahali pa kula. Hakuna machweo yanayoweza kumfariji mama anayebeba ndoo ngazi mbili na mtoto mgongoni.

Tano, wasidharau madirisha ya bei ndogo. Soko, stendi, uwanja wa shule, karakana ya mafundi baiskeli, yote ni mandhari kwa mtu anayependa watu. Huenda wakapata Mahoko, kwa bei ya chini, kile walichokuwa wakikitafuta ufukoni kwa bei ya juu.

Likizo njema haipimwi kwa bei ya chumba. Inapimwa siku familia ikirudi nyumbani, kambini au mtaani, kila mmoja akawa na lake la kusimulia: mtoto habari za mitumbwi aliyoifuata ufukoni, baba habari za njia, na yule aliyebaki ndani akiwa na habari zake mwenyewe, alizoziona kwa macho yake, bila kungoja kusimuliwa na wengine. Mtu huyo wa mwisho ndiye aliye rahisi kusahauliwa, na ndiye dirisha lilitengenezwa kwa ajili yake.